"Amekuwa wa ngapi?": Historia ya swali la mzazi mbele ya ripoti

Mwezi wa Aprili uliopita, siku ya kufunga shule, nilikuwa mgeni katika shule moja ya msingi upande wa bara wa Malindi. Mwanafunzi wangu wa zamani anafundisha pale, naye alikuwa ameniomba nije kuzungumza na watoto habari za kusoma vitabu. Nilipomaliza nikakaa chini ya mwembe, nikawatazama wazazi wakipokea ripoti za watoto wa gredi ya pili. Wengi walikuwa akina mama na nyanya, maana akina baba, kama ilivyo ada yetu, hutuma.

Mara nikasikia vigelegele. Hawe mmoja (ndivyo Wagiriama wamwitavyo nyanya) alikuwa ameinua juu karatasi ya mjukuu wake, anawaonyesha wenzake. Karatasi ilikuwa na safu ya tarakimu, na karibu kila somo liliandikiwa 1. "Namba moja! Hesabu namba moja, Kiingereza namba moja!" Wenzake wakampokea kwa vigelegele vingine. Mwalimu alibaki ameduwaa, kalamu mkononi.

Msomaji mwenye mtoto katika shule za siku hizi ameshaelewa. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka wa 2019, mtoto hapangwi tena na wenziwe. Hupewa kiwango: 4 ni aliyezidi matarajio, 3 ni aliyeyafikia, 2 ni anayeyakaribia, na 1 ni yule ambaye bado yuko mbali nayo. Yule hawe alikuwa akishangilia kiwango cha chini kabisa.

Nyuma yangu walimu wawili vijana walicheka. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu Mambrui, mwaka wa 1969, palifanywa karamu ndogo kwa ajili ya kosa kama lile lile, na mwenye kulifanya nilikuwa mimi.

Nitafika huko. Kwanza tulitazame swali lenyewe, kwa sababu nadhani tumelilaumu bila kulijua.

Mzazi wa Kenya akipewa ripoti, au "ripoti fomu" kama watoto wanavyoiita, swali lake la kwanza ni "Amekuwa wa ngapi?" Kisarufi ni swali zuri sana. "Wa ngapi" ni kiulizi cha nafasi katika mfuatano: Mwai Kibaki alikuwa rais wa ngapi wa Kenya? Wa tatu. Sasa mwambie Mwingereza akuulize swali hilo hilo kwa lugha yake, bila kuzungukazunguka, uone atakavyohangaika. Mjerumani atalipata neno, Mwingereza hana. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyotufanya tupende kuwapanga watoto. Hilo litakuwa dai la ovyo. Nasema tu kwamba lugha ilikuwa na swali tayari, na shule ya kikoloni ilipoleta karatasi yenye nafasi ya mtoto imeandikwa chini, swali na jibu vilikutana kama mlango na kitasa chake.

Lakini kabla ya hapo, katika masomo ya watoto wa pwani, swali lilikuwa jingine.

Neno chuo kwetu lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa mahali pa kusomea Kitabu, yaani Qur'ani. Mtoto alianza na ubao, akiandika na kufuta, akisoma kwa sauti mpaka sauti ikauke. Jioni aliporudia nyumbani baba alimsikia, na mama aliyekuwa jikoni akipepeta mchele alimkosoa kwa mbali bila kuinua kichwa. Mzazi hakuhitaji kuletewa habari. Alizipata kwa masikio yake. Na watu walipokutana barazani wakaulizana habari za watoto, waliuliza: "Wako amefika wapi?" Maana yake, amefika sura gani, juzuu ya ngapi. Hata hapo, tazama, "ya ngapi" ipo, lakini inahesabu juzuu, haihesabu watoto. Aliyemaliza alihitimu, neno litokalo katika Kiarabu cha kutia muhuri na kukamilisha. Siku hizi tunahitimu hata udereva. Bakora ilikuwako pia, nisiisafishe historia. Kuna maalimu ambao mgongo wangu unawakumbuka kuliko kichwa changu.

Ripoti ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipokaa Rabai kuanzia mwaka wa 1846, walikuwa na kazi ya kuandika taarifa ndefu. Zilikwenda London, kwa chama cha kimisheni kilichowatuma. Serikali ya kikoloni nayo, ilipounda idara yake ya elimu mwaka wa 1911, iliendeshwa kwa taarifa: mwalimu kwa mkaguzi, mkaguzi kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa gavana. Ripoti ni maandishi ambayo wa chini humwandikia wa juu, kumhusu mtu wa tatu ambaye hakuulizwa. Sikiliza bado tunavyolitumia neno hili: twapiga ripoti polisi, chifu apeleka ripoti, mfanyakazi aliyechelewa huandikiwa ripoti. Ripoti ya mtoto ni ndugu wa hizo. Mzazi aliongezwa mwishoni, penye mstari wa kutia sahihi.

Sasa nirudi Mambrui.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Alikuwa na mtumbwi na madema, na kijitabu cha hesabu alichokiandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hati hiyo alisoma barua za watu wa mtaani na kuwajibia. Jioni za Ramadhani alitusomea tenzi. Kwa hesabu za serikali, hata hivyo, baba hakujua kusoma, kwa sababu hakujua zile herufi za kizungu. Alichokijua katika maandishi ya kizungu ni tarakimu, alizojifunza kutoka kwa noti na sarafu sokoni Malindi.

Ilikuwa Agosti, nami nilikuwa darasa la tatu. Agosti ni kusi. Wenye kuijua bahari ile, pale Sabaki inapomwaga maji yake mekundu, wanajua kwamba wakati huo aliyetoka kuvua hurudi na kitoweo tu, tena akishukuru. Karo ya muhula uliofuata ilikuwa haijulikani itatoka wapi. Katika hali hiyo nikaleta ripoti. Yote ilikuwa kwa Kiingereza, na chini yake paliandikwa kwamba nimekuwa wa 31 kati ya wanafunzi 38.

"Nisomee," baba akasema.

Nikasoma majina ya masomo kwa Kiingereza, mbiombio, kama mtu anayevuka barabara. Akaweka kidole chini ya karatasi.

"Hii ni thelathini na moja. Hii ni thelathini na nane. Ni za nini?"

"Ni alama, baba. Nimepata thelathini na moja katika thelathini na nane."

Wallahi sikuwa nimeupanga uongo ule. Ulitoka wenyewe. Baba akanitazama, akatabasamu, akamwita mama. Mama akaenda kukopa sukari kwa jirani, akakaanga kaimati, na jirani mwenyewe akaja kuzila. Kwa wiki mbili nzima nilitembea Mambrui nikiwa mtoto aliyekosa saba tu. Watu wazima walinipa mkono.

Kisha akaja mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa karani mjini Malindi. Akaonyeshwa ripoti kwa fahari. Akaisoma, akanitazama mimi, akamtazama baba.

"Shemeji, huyu hakupata thelathini na moja. Huyu amekuwa wa thelathini na moja."

Herufi mbili tu, "wa", ndizo nilizoziiba. Nilianza kulia kabla sijaguswa. Lakini baba hakunipiga. Si kwamba alikuwa mtu wa kutopiga. Alinipiga kwa mambo madogo kuliko hilo. Alikaa kimya, kisha akaweka kidole juu ya maandishi ya mkono ya mwalimu, yale ambayo mimi niliyaruka.

"Na haya yasemaje?"

Mjomba akafasiri: mtoto ni mtaratibu, hesabu anaziweza, lakini hasemi darasani na Kiingereza chake ni kidogo, kwa hiyo haelewi anachoulizwa. Akasoma pia alama za masomo, na alipofika Kiswahili akasita. Arubaini na sita katika mia.

"Kiswahili?" baba akauliza. "Mtoto wa Mambrui? Walimuuliza kwa lugha gani?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, na mimi mwenyewe, katika miaka yote niliyofundisha lugha hii, sijasikia swali la isimujamii lililo zuri zaidi. Kiswahili cha shule kilikuwa kimechaguliwa mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, ambako walikubaliana kwamba lahaja ya Unguja ndiyo iwe msingi wa usanifishaji, si Kimvita, sembuse lahaja zetu za kaskazini. Kamati ya kulisimamia jambo hilo ilianza kazi mwaka wa 1930. Kwa hiyo mtoto aliyesema "yuwaja" nyumbani alikatwa alama shuleni kwa kutoandika "anakuja". Tena baada ya uhuru, tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwanawe baba alikuwa mgeni mara mbili: katika Kiingereza, na katika lugha ya baba yake.

Lakini neno la baba lililobaki nami ni jingine. "Huyu mwalimu amjua mwanangu," alisema. "Mambo haya mbona hakuniambia mimi?"

Palikuwa na lile sharti la sahihi ya mzazi. Sahihi ni neno zito. Asili yake ni kweli, jambo lisilo na kasoro, na atiaye sahihi husema "nathibitisha". Baba alitia jina lake kwa hati yake, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kwa mwandiko ambao ningependa kuuona tena. Septemba shule ilipofunguliwa nikaipeleka. Nikarudishwa nyumbani. Niliambiwa kwamba michoro haikubaliwi, mzazi asiyejua kuandika atie dole gumba.

Ilinibidi mimi nimfikishie ujumbe huo. Nilikuwa mkalimani wake, ndiyo kazi iliyokuwa yangu.

Baba akanawa mikono. Akapaka wino, akakandamiza dole gumba juu ya jina lake mwenyewe, hasa juu yake, si kando. Asubuhi yake hakwenda baharini. Alivaa kanzu na kofia, tukafuatana mpaka shuleni, akamwomba mwalimu wa darasa langu wazungumze chini ya mkwaju. Alikuwa mwalimu mpole, na mwandiko wa ile ripoti ulikuwa wake. Yule wa dole gumba alikuwa mwingine. Walizungumza kwa Kiswahili kwa muda mrefu. Tangu hapo hadi nilipofanya mtihani wa CPE, kila mwisho wa muhula baba alikwenda mwenyewe kusikia. Hakuniomba tena nimsomee.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu vitabu vya historia ya elimu vinajaa tume na miswada, na humwona mzazi mara moja moja tu, anapokataa kumpeleka mtoto shule au anapompiga kwa kuanguka. Husikii nini alichoweza kusoma katika karatasi aliyopewa. Kwa wazazi wengi wa pwani na bara, jibu ni: tarakimu tu. Maneno yalikuwa ya wengine. Kama katika ukurasa mzima kuna kitu kimoja unachokitambua, utakishika hicho, na utakiuliza. Lawama kwamba mzazi "anajali namba tu" humsahau aliyeandika kila kisichokuwa namba kwa lugha isiyo yake.

Tena namba ilikuwa na nguvu ya kweli. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na mtihani mmoja uliamua nani aendelee na nani arudi shambani au baharini. Amri ya Rais Kenyatta ya kufuta karo kwa madarasa manne ya kwanza, kuanzia Januari 1974, ilijaza madarasa kwa ghafla. Michango ya ujenzi ikaja ikachukua mahali pa karo, lakini watoto walibaki wengi na mlango wa juu ukabaki ule ule. Mfumo wa 8-4-4 na KCPE yake ya kwanza mwaka wa 1985 uliongeza masomo, haukupunguza mashindano. Kufikia miaka ya 1990 watoto wa darasa la kwanza walipangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho mbele ya wazazi, watatu wa mwanzo wakipewa daftari na sahani, na wa mwisho akijulikana kijiji kizima. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Nyumbani ilichukua muda zaidi kusikia habari hiyo. Mwaka wa 2014 serikali ikakataza kuzipanga shule na watahiniwa kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa, na kelele zilizopigwa na wazazi zilionyesha jinsi swali letu lilivyokuwa limeota mizizi.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Mtaala mpya, kwa watoto wadogo, unajaribu kuliua swali la "wa ngapi" na kurudi, bila kujua, kwenye swali la baraza la Mambrui: amefika wapi? Neno lenyewe liko ndani yake, kufikia matarajio. Mimi naunga mkono nia hiyo. Ninachogombana nacho ni jinsi inavyomfikia mzazi. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 sera yetu imekuwa kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mtaala wa sasa unashikilia hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Kakuyuni anaweza kufundishwa kuhesabu kwa Kigiriama na Kiswahili, kisha taarifa ya jinsi alivyohesabu ikaandikwa kwa Kiingereza na kufupishwa kuwa herufi mbili, EE au ME, ambazo hata mwenye Kiingereza chake hazijui mpaka aelezwe. Baadaye tunashangaa kwamba nyanya ameangalia tarakimu.

Hata Kiswahili chake hakijatulia. Wengine huandika kuzidi matarajio, wengine kuzidisha, na kuzidisha kwa mtoto wa gredi ya pili ni hesabu, mbili mara tatu. Na hayo matarajio ni ya nani? Neno halisemi. Mzazi husikia kwamba ni yake: mwanangu yuko mbali na niliyomtarajia. Mwalimu anakusudia ya mtaala. Hayo ni mambo mawili, na moja linauma kuliko jingine.

Lakini nisidanganye kwamba ni suala la kujua kusoma tu. Binti yangu ana shahada na kazi nzuri mjini Kilifi. Mwaka jana alinitumia picha ya ripoti ya mwanawe kwa WhatsApp, na chini yake ameandika: "Baba, wanasema amefikia matarajio. Sawa. Sasa amekuwa wa ngapi?" Nikamwandikia jibu refu la kiprofesa, lenye juzuu na baraza na babu yake ndani yake. Akanijibu kwa picha ya dole gumba.

Basi pale chini ya mwembe, vigelegele vilipopungua, mwalimu aliyekuwa ameduwaa alifanya jambo lililonipendeza. Hakusema kitu mbele ya watu. Alimaliza kugawa karatasi zilizobaki, kisha akavuta kiti akakaa karibu na yule hawe, akaanza kumweleza kwa Kigiriama, karatasi ikiwa magotini pao wote wawili. Niliambulia maneno machache: mtoto anahesabu mpaka ishirini bila kukosea, kusoma bado, akisomewa hadithi huikumbuka yote, macho yapelekwe hospitali yakaangaliwe. Hawe alisikiliza bila kukatiza. Uso wake ulibadilika mara moja, alipoelewa ile 1 ni nini, kisha ukarudi kuwa uso wa mtu anayesikiliza. Aliuliza habari za macho mara mbili. Akauliza hospitali gani, na siku gani huwa hakuna foleni.

Mwalimu aliposimama, akamshika mkono.

"Lakini mwalimu," akasema, "kati ya hawa wote, ye ni wa ngapi?"

Mwalimu akatazama huku na huku, akainama, akamnong'oneza sikioni. Sikusikia alichosema. Hawe aliitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso yake.